Kabla Hujamwita Mgonjwa Wako Mchafu

Hotuba kwa wahitimu wa uuguzi na ukunga

Mkuu wa chuo, walimu wetu, wazazi mlioacha shughuli zenu mkaja, na ninyi wahitimu ambao leo ndiyo siku yenu: itifaki imezingatiwa, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumzie usafi. Najua mmefundishwa usafi mpaka mmechoka nao. Mnajua hatua za kunawa mikono, mnajua kutakasa vyombo, mnajua kubadilisha shuka mgonjwa akiwa bado amelala juu yake. Hayo sitayarudia, maana walimu wenu wameyamaliza. Ninalotaka kusema linamhusu yule mtu aliyelala kwenye shuka hilo. Naye alifundishwa usafi, tena mapema kuliko ninyi, na mwalimu wake alikuwa mama yake. Siku mtakapomgusa kwa mara ya kwanza, usafi wake na wenu vitakutana pale kitandani, na mara nyingi havitafanana.

Niwapeleke mbali kidogo. Mwaka 921 khalifa wa Baghdad alituma ujumbe kwa mfalme wa Wabulgari walioishi kandokando ya mto Volga. Katika msafara huo alikuwamo msomi aitwaye Ahmad ibn Fadlan, na kwa bahati yetu aliyaandika aliyoyaona. Huko Volga, mwaka 922, alikutana na wafanyabiashara walioitwa Rus, watu ambao wengi wao asili yao ilikuwa Skandinavia. Aliyasifu maumbo yao. Usafi wao je? Aliandika kwamba hakuna viumbe wa Mungu wachafu kuwazidi. Hawachambi wakitoka haja, hawaogi josho baada ya kulala na wanawake, hawanawi mikono wakimaliza kula. Na lililomchefua kabisa ni beseni la asubuhi. Kila kulipokucha kijakazi alikuja na beseni kubwa la maji akamkabidhi bwana wake. Bwana akanawa mikono na uso, akaosha nywele na kuzichana juu ya beseni, akapenga kamasi humo, akatema mate humo. Akishamaliza, kijakazi alilibeba beseni na kulipeleka kwa aliyekaa jirani, naye akafanya vilevile, likazunguka hivyo mpaka kila mtu aliyekuwamo nyumbani akalipitia.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Kuna kitabu cha historia cha Uingereza cha karne ya 13, kinachojulikana kwa jina la John of Wallingford, kinachosimulia habari za Wadani, watu wa Denmark, walioishi nchini humo karne zilizotangulia. Hao ni jamaa wa wale wa Volga, ukoo mmoja na desturi zinazokaribiana. Mwandishi anawalalamikia. Anasema walichana nywele kila siku, wakaoga kila Jumamosi, wakabadilisha nguo mara kwa mara, na kwa unadhifu huo wakawateka wake na mabinti wa wenyeji. Kosa lao lilikuwa kupenda usafi kupita kiasi! Na wanaochimba makaburi ya watu hao hadi leo wanakuta vitana vya mifupa na pembe, kwani wengi walizikwa pamoja na vitana vyao.

Mmoja alitoka katika mji ambao mtu alitawadha mara tano kwa siku, akawaona wachafu. Mwingine alitoka mahali ambapo kuoga kila wiki kulikuwa jambo la kushangaza, akawaona wanajipamba mno. Hakuna aliyesema uongo. Wote wawili walipima kwa kipimo walichotoka nacho nyumbani, na wote wawili hawakujua kwamba wameshika kipimo. Nawaombeni mlishike hili, kwa sababu sisi wenye sare nyeupe tunadhani kipimo chetu hakina kwao. Tunadhani kimeshuka kutoka maabara.

Chukueni maji ya kuogea. Mjapani anapoingia katika bafu la umma, kwanza hukaa kwenye kigoda kifupi mbele ya bomba lililo chini chini, akajimwagia maji kwa ndoo ndogo, akajisugua kwa sabuni kuanzia shingoni mpaka katikati ya vidole vya miguu, akasuuza povu lote lisibaki hata chembe, akasafisha hata kile kigoda kwa ajili ya atakayekuja. Hapo ndipo anapoingia kwenye birika la maji ya moto, takriban nyuzi 40 za Selsiasi au zaidi kidogo, akakaa kimya. Kitaulo chake hakiruhusiwi kugusa maji hayo. Akiingia humo na sabuni mwilini, au bila kuoga kwanza, amewachafulia wote. Ndiyo maana nyumbani familia nzima inaweza kutumia maji yaleyale ya birika, mmoja baada ya mwingine, bila mtu kuona kinyaa, kwa sababu anayeingia humo ni msafi tayari. Mzungu anayeketi ndani ya bafu lake la kulala, akajisugua humohumo na kuinuka huku maji yamekuwa meupe kwa sabuni na taka, humshangaza Mjapani.

Humshangaza pia mtu aliyelelewa na hamamu ya Kituruki au ya Morocco. Kwake yeye maji yanayosafisha ni yale yanayotiririka na kuondoka. Hamamu ina mabeseni ya mawe ukutani, lakini hakuna anayeingia ndani yake. Unachota kwa bakuli, unajimwagia, na uchafu unakwenda na maji sakafuni. Kisha ngozi iliyolainika kwa mvuke husuguliwa kwa kitambaa kikwaruzacho mpaka nongo zikatoka kwa vijiti vya kijivu. Hapo ndipo mtu anapojiona ameoga. Wakorea nao wana kusugua kwa namna hiyohiyo, na wako makini nako sana. Wafini wana sauna, chumba cha joto kavu ambalo huweza kufika nyuzi 80 au 100, na nchi yao yenye watu milioni tano na nusu ina sauna zipatazo milioni tatu. Zamani wanawake wa Kifini walijifungulia humo, na wakunga waliokaa hapa leo watanielewa nikisema halikuwa chaguo baya: palikuwa na joto, maji ya moto, na pengine ndipo mahali palipokuwa safi kuliko pengine popote nyumbani.

Sasa mrudi wodini pamoja nami. Tunamwogeshaje mgonjwa asiyeweza kuinuka? Tunaleta beseni moja, tunachovya kitambaa, tunapaka sabuni, tunarudisha kitambaa kwenye beseni, tunakamua, tunapitisha tena. Utaratibu mzuri, umo kitabuni. Lakini mama aliyelelewa na maji yanayotiririka, akilala pale akiangalia kile kitambaa kikirudi mara ya tatu kwenye maji yaleyale, hahisi anaoshwa. Anahisi anapakwa. Hatasema kitu kwa sababu ana adabu na kwa sababu anakuogopa. Ukileta jagi, ukatandika plastiki chini yake, ukamimina maji kidogo tu mkononi na usoni na sehemu za siri, utamwona uso unavyofunguka. Jagi hilo halihitaji bajeti ya wizara.

Wala msidhani usafi lazima uwe na maji. Wanawake wa Wahimba, kaskazini-magharibi mwa Namibia, wanaishi kwenye ukame ambako maji ya kunywa yenyewe ni ya kutafutwa. Wao hujipaka mchanganyiko wa samli na udongo mwekundu mwilini na kwenye nywele, na kila siku hujifukiza: makaa kwenye chombo, majani na utomvu wenye harufu nzuri juu yake, mtu akainama juu ya moshi au akajifunika nao, jasho likatoka na harufu ikaingia mwilini. Watalii wengi hupiga picha ule wekundu na kuondoka wakidhani wameona pambo. Wameona namna ya kutunza ngozi mahali palipo na jua kali na maji haba, iliyofikiriwa na watu wenye akili timamu.

Na Ulaya yenyewe ilipata kuishi bila kuoga, tena kwa ushauri wa madaktari. Tauni ilipoenea, mwaka 1348, wataalamu wa tiba wa Chuo Kikuu cha Paris walimwandikia mfalme wao maelezo ya ugonjwa, na miongoni mwa tahadhari zilizoenea wakati huo ilikuwa kujihadhari na maji ya moto. Hoja ilikuwa kwamba joto la maji hufungua vinyweleo, na hewa mbaya huingilia humo. Ilipofika karne ya 16 na 17 nyumba nyingi za kuogea za umma zilikuwa zimefungwa, na bwana mkubwa alijisafisha kwa kujikausha na kitambaa na kubadilisha shati la kitani. Kitani kiliaminiwa kwamba kinafyonza uchafu wa mwili. Shati lililo jeupe kwenye kola na mikono lilikuwa ushahidi kwamba mwili wa ndani ni safi. Tusiwacheke. Walikuwa wakijikinga na kifo kwa elimu bora waliyokuwa nayo, na waliowaelekeza ni watu wa taaluma yetu.

Nije kwenye jambo ambalo katika hafla kama hii watu hulipitia kwa haraka, nami sitalipitia haraka kwa kuwa linagusa heshima ya mgonjwa kuliko mengine yote. Ni jambo la chooni.

Kuna watu wanaojisafisha kwa maji na kuna wanaojisafisha kwa karatasi, na kila upande unauonea kinyaa upande wa pili. Wa maji anauliza: ukikanyaga kinyesi utapangusa kwa karatasi ukaridhika? Wa karatasi anauliza: unatumiaje mkono wako? Karatasi si jambo la jana. Mwaka 589 msomi wa Kichina Yan Zhitui aliandika kwamba yeye hathubutu kutumia chooni karatasi yenye maneno ya wahenga, na hilo latosha kutuonyesha kwamba karatasi nyingine zilikuwa zikitumika. Nchini Marekani karatasi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1857. Lakini katika Ulaya hiyohiyo ya karatasi imo Italia, ambako agizo la serikali la mwaka 1975 linataka kila nyumba iwe na bide, yaani beseni la kuchambia. Na Japani, hasa tangu mwaka 1980, ina vyoo vinavyorusha maji kwa kubonyeza kitufe. Kwa hiyo mpaka hauko kati ya matajiri na maskini, wala kati ya Mashariki na Magharibi. Umepinda pinda tu duniani, kila jamii na njia yake.

Pale penye maji, mara nyingi kuna kanuni ya mikono: wa kushoto kwa haja, wa kulia kwa chakula, kwa salamu, kwa kupokea na kutoa. Waislamu wanayo, Wahindu wanayo, na wengine wengi. Nitawaeleza nilichokiona katika wodi moja. Mzee mmoja alilazwa akiwa ameishiwa maji mwilini. Muuguzi alitafuta mshipa, akaupata mzuri nyuma ya kiganja cha kulia, akafunga dripu na kibao cha kushikilia mkono. Kazi safi kabisa. Chakula kilipoletwa mzee hakula. Jioni hakula. Kwenye faili ikaandikwa kwamba mgonjwa hana hamu ya chakula, na daktari akaanza kufikiria vipimo. Binti yake alipokuja, alitazama ule mkono akaelewa palepale: baba hawezi kula kwa mkono wa kushoto, na ana haya kuomba alishwe na msichana asiyemjua. Dripu ikahamishiwa kushoto. Mzee akala. Lakini sasa hakuweza kuchamba, akawa anajizuia asiende haja, na huo nao ni ugonjwa. Mwisho sindano ikapandishwa kwenye kigasha, mbali na kiganja na mbali na kiwiko, mikono yote miwili ikawa huru. Tangu mwanzo ilihitajika sentensi moja kabla ya kufunga utepe wa kutafutia mshipa: mzee, mkono gani niuache?

Kuhusu harufu nitasema kidogo. Watu hudhani anayenuka jasho amekosa kuoga. Mwaka 2006 watafiti wa Japani walionyesha kwamba jeni moja, ABCC11, ndiyo huamua kama nta ya masikio yako itakuwa kavu au ya kunata, na jeni hiyohiyo inahusika na harufu ya kwapa. Watu wengi wa Asia ya Mashariki wana aina inayotoa nta kavu, na makwapa yao karibu hayanuki. Wengi wetu duniani tuna aina nyingine. Hivyo watu wawili wanaweza kuoga saa moja, kwa sabuni moja, mmoja akanuka jioni na mwingine asinuke, na hakuna aliye mzembe. Zaidi ya hapo, aibu ya kwapa tulionayo leo ilikuzwa na wauzaji. Mwaka 1919 tangazo la dawa ya kwapa iitwayo Odorono liliwaambia wanawake wa Marekani, kwa maneno ya kistaarabu, kwamba huenda wananuka na hakuna atakayewaambia. Wasomaji wapatao 200 wa jarida lililochapisha tangazo hilo walikatisha usajili wao kwa hasira. Mauzo ya dawa yakapanda zaidi ya mara mbili ndani ya mwaka. Mkisikia mgonjwa ananuka, angalieni kwanza jeraha, sukari, figo, mdomo. Harufu kwetu ni dalili ya kufuatilia. Kuifanya hukumu juu ya tabia ya mtu si kazi yetu.

Kwa nini nalishikilia jambo hili kwa nguvu hivi? Kwa sababu neno «mchafu» limewahi kufanya kazi za kikatili sana mikononi mwa wenye mamlaka.

Baada ya Granada kutekwa mwaka 1492, Waislamu waliobaki Hispania walilazimishwa kubatizwa. Mwaka 1567 mfalme Philip wa Pili alitangaza amri iliyopiga marufuku lugha yao, mavazi yao na hamamu zao. Fikirieni: serikali inakataza watu kuoga, kwa kuwa kuoga kwao kunawatambulisha kuwa bado ni wao. Aliyeonekana anaoga siku fulani kwa namna fulani aliweza kushtakiwa kwa imani yake. Mwisho wa mwaka 1568 watu wakaasi, na vita ikachukua zaidi ya miaka miwili.

Miaka 350 baadaye kisu kikageuziwa upande wa pili. Mpakani mwa Marekani na Meksiko, katika mji wa El Paso, wakuu wa afya waliogopa homa ya tifasi inayoenezwa na chawa. Hofu yenyewe haikuwa ya kubuni, tifasi huua. Lakini waliamua kwamba Wameksiko waliovuka daraja kwenda kufua, kupika na kulea watoto wa watu wavuliwe nguo zote, wakaguliwe, waogeshwe kwa mchanganyiko wenye mafuta ya taa na siki. Mwaka 1916, katika gereza la mji huohuo, wafungwa walikuwa wameogeshwa kwa petroli, moto ukawaka, na zaidi ya 20 wakafa. Habari hiyo kila mtu alikuwa nayo. Asubuhi ya tarehe 28 Januari 1917, msichana wa kazi mwenye umri wa miaka 17, Carmelita Torres, aliambiwa ashuke kwenye tramu akaoge. Alikataa. Akawashawishi wenzake wa ndani ya tramu, wengi wao wanawake, nao wakakataa, na kabla ya adhuhuri maelfu walikuwa wamelifunga daraja. Maandamano yalizimwa, naye akakamatwa. Uogeshaji huo wa lazima uliendelea kwa miongo kadhaa.

Waliosimama pale na ndoo za dawa walikuwa watu wa afya. Ninasema hili mbele yenu leo, siku mnayovaa beji, kwa kuwa chawa angeweza kutafutwa bila kumvunjia mtu utu wake, na hilo halikuonekana kuwa la lazima.

Halafu kuna sisi wenyewe. Katika Hospitali Kuu ya Vienna, miaka ya 1840, kulikuwa na wodi mbili za uzazi. Ya kwanza ilikuwa ya madaktari na wanafunzi wao, ya pili ya wakunga. Katika ile ya madaktari, kwa wastani mama mmoja kati ya kumi alikufa, wengi kwa homa ya uzazi. Katika ile ya wakunga vifo havikufika nusu ya hapo. Wanawake walijua. Walipiga magoti wakiomba wasipangiwe wodi ya kwanza. Ignaz Semmelweis, daktari aliyekuwa akisaidia pale, alitambua kwamba madaktari hutoka kupasua maiti na kuingia moja kwa moja kwenye kuzalisha. Katikati ya Mei 1847 akaamuru wote wanawe kwa maji yenye chokaa ya klorini, aliyoichagua kwa sababu iliondoa harufu ya maiti mikononi. Mwezi Aprili vifo vilikuwa asilimia 18. Mwezi Juni vilikuwa asilimia mbili na kidogo. Mngetarajia apewe nishani. Wakubwa wengi walikasirika, kwa kuwa walikuwa mabwana waliovaa vizuri, na wazo kwamba mikono ya bwana inaweza kubeba kifo liliwadhalilisha. Aliondoka Vienna, na mwaka 1865 akafa katika nyumba ya wagonjwa wa akili akiwa na miaka 47. Nyani haoni kundule, walisema wazee, na hakuna mahali methali hiyo imegharimu roho nyingi kama pale.

Mtaniuliza: basi kila mila iachwe ilivyo? Hapana. Magharibi mwa Nepal kuna desturi ya kumtoa nje mwanamke aliye hedhini akalale kwenye kibanda, kwa hoja ya unajisi. Wanawake wamekufa humo kwa baridi, kwa moshi na kwa kuumwa na nyoka. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliipiga marufuku mwaka 2005, na sheria ya mwaka 2017 ikaifanya kosa la jinai. Mimi siitetei hata kidogo, na wanaoipinga kwa bidii zaidi ni wanawake wa Nepal wenyewe. Mpaka wangu ni huu: swali la kwanza ni kama jambo hili linapitisha ugonjwa au linaumiza mtu. Likiwa halifanyi hivyo, ni lake, tumtunzie. Likiwa linafanya hivyo, tulibadilishe pamoja naye. Na tukumbuke pia kwamba kuna wasionawa kwa kuwa hawana pa kunawia. Takwimu za WHO na UNICEF za mwaka 2022 zinasema watu bilioni 2 hawakuwa na mahali pa kunawia penye maji na sabuni nyumbani, na milioni 653 kati yao hawakuwa na pa kunawia kabisa. Kumhubiria usafi mtu wa namna hiyo bila kumpa maji ni kumwonea.

Ninaposema «pamoja naye», nina mfano mkubwa kichwani. Mwaka 2014 Ebola ilienea Guinea, Liberia na Sierra Leone. Kabla haijazimwa, mwaka 2016, iliua watu zaidi ya 11,000. Mwili wa aliyekufa kwa Ebola umejaa virusi, na kumwosha marehemu, kumgusa, kumuaga kwa mikono, ilikuwa njia mojawapo kubwa ya kueneza ugonjwa. Kisayansi jibu lilikuwa rahisi: msioshe. Timu zikaja na mavazi meupe ya plastiki, zikabeba maiti kwenye mifuko, zikazika upesi, mahali pengine bila jamaa kujua kaburi liko wapi. Watu wakaficha wagonjwa. Wakazika usiku, kwa siri, wakiwaosha kama walivyozoea. Amri iliyokuwa sahihi kwa maabara ikawa inasukuma virusi gizani ambako hakuna aliyeviona.

Ndipo WHO, pamoja na mashirika ya msaada na viongozi wa dini, Waislamu na Wakristo, walipokaa na kuandika utaratibu mpya uliotolewa mwishoni mwa mwaka 2014, wa maziko salama na ya heshima. Timu haianzi kazi kabla ya kuzungumza na familia. Familia inamteua mtu wa kushuhudia. Kwa Mwislamu, mahali pa josho panakuwa tayamamu, ile twahara ya udongo au mchanga ambayo dini yenyewe iliiruhusu tangu zamani pale maji yanapokosekana au yanapodhuru, na anayeifanya amevaa glavu na mavazi ya kinga. Sanda ipo. Dua ipo. Familia inaruhusiwa kuweka kitu cha marehemu, na kaburi linajulikana na kuwekwa alama. Hakuna kilicholegezwa kwa upande wa virusi. Kilichobadilika ni kwamba watu waliulizwa, na suluhisho lenyewe lilitoka ndani ya desturi yao.

Kwenu ninyi hilo halitakuwa Ebola, Mungu aepushe. Litakuwa Sikh ambaye kwa imani ya dini yake hajawahi kukata unywele tangu azaliwe, na wewe umeshika wembe wa kumwandaa kwa upasuaji wa kichwa. Zungumza naye kwanza, nyoa sehemu ndogo inayohitajika tu, na nywele zilizotoka mpe yeye au familia, usizitupe kwenye ndoo. Litakuwa mama aliyejifungua usiku, anayetaka kuoga maji ya moto sasa hivi, na mwenzake wa kitanda cha pili ambaye kwao mzazi hagusi maji kwa siku kadhaa, nawe una zamu moja na maelekezo ya aina moja. Litakuwa mwenzako wa zamu anayesita kupaka dawa ya mikono yenye spiriti kwa sababu ya imani yake. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2009 umelizungumzia hilo waziwazi, mketi naye mkausome.

Fomu yetu ya kumpokea mgonjwa ina nafasi ya dini, ina nafasi ya mzio, ina nafasi ya jamaa wa karibu. Haina mahali pa kuandika mtu huyu huogaje, huchambaje, hula kwa mkono gani, na nani aruhusiwe kumwona akiwa uchi. Nimeliomba jambo hili kwenye vikao, na nitaendelea kuliomba. Ninyi msisubiri fomu ibadilishwe. Pembeni ya karatasi kuna nafasi. Jumatatu mtakapoanza kazi, mkishapima joto na shinikizo la damu, vuteni kiti, mmuulize mgonjwa, na mwandike atakachowajibu, kwa mwandiko ambao muuguzi wa zamu ya usiku ataweza kuusoma.

Hongereni sana, na asanteni kwa kunisikiliza.